Mizizi ya Ukatili na ya Kujiua: Ubongo, Maradhi na Wajibu wa Kata

Matini ya mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa kata



Karibu kila kijiji kina nyumba ambayo watu wakipita mbele yake hupunguza sauti. Pengine baba wa nyumba hiyo alimjeruhi mama mbele ya watoto. Pengine kijana aliyekuwa mchapakazi alijitoa uhai bila kuacha neno. Siku ya msiba majirani huulizana swali moja: kimempata nini? Majibu huja haraka. Wapo wasemao ni laana ya ukoo, wapo wasemao ni mapepo, wapo wasemao ni upungufu wa imani, na wapo wanaonyamaza kwa aibu. Jibu moja husahaulika mara nyingi: kwamba ubongo ni kiungo cha mwili kama ulivyo moyo na figo, na kwamba kiungo hicho nacho huumia, huugua, na hutibika.

Mazungumzo haya yana hoja moja. Mkono unaompiga mwingine na mkono unaomgeukia mwenyewe mara nyingi husukumwa na udhaifu ule ule, yaani ubongo kushindwa kuuzuia msukumo wa ghafla. Udhaifu huo una sababu zinazojulikana. Saa yake ya hatari kubwa kwa kawaida hupita, na mtu anayevushwa salama katika saa hiyo, kisha akafuatiliwa, ana nafasi nzuri ya kuishi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii imo mikononi mwa watu wa kata, kabla hata ya mgonjwa kumfikia daktari bingwa.

Uzito wa jambo lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani kote, na kwamba karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo.

Breki za ubongo

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo ziitwazo amigdala, ambazo kazi yake mojawapo ni kutambua hatari na kuamsha hofu na hasira. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, hupima mambo: hukumbuka matokeo, husubiri, hujizuia. Dereva wa lori anayeteremka mlima anajua kwamba mzigo mzito unahimilika iwapo breki zinashika. Hasira na huzuni humfikia kila mwanadamu. Balaa huja pale breki zinapolegea. Sehemu hiyo ya mbele huchelewa kukomaa, na haikamiliki mpaka mtu akaribie miaka 25. Hiyo ni sababu mojawapo ya vijana kutenda kwanza na kujuta baadaye.

Madaktari walianza kuutambua ukweli huu kutokana na ajali. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtaimbo uliorushwa na baruti. Mtaimbo huo uliingia chini ya shavu na kutokea utosini. Gage hakufa. Alitembea, alizungumza, na kumbukumbu zake zilibaki. Lakini waliomjua kuwa mtu mtulivu walimwona amekuwa wa papara, mwenye kutukana na asiyeshika shauri. Kilichoharibika kilikuwa sehemu ya mbele ya ubongo. Habari yake ina fundisho la pili ambalo husimuliwa mara chache: miaka iliyofuata alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, kazi inayohitaji subira na mpangilio. Hata ubongo ulioumia vibaya hujifunza upya kwa kiasi fulani ukipata muda na utaratibu wa maisha.

Kemikali ya kutuliza msukumo

Chembe za ubongo hupelekeana taarifa kwa kemikali. Mojawapo ni serotonini, ambayo pamoja na kazi nyingine husaidia kutuliza msukumo. Mwaka 1976, Marie Åsberg na wenzake wa Stockholm, Sweden, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 68 wa sonona. Walipima mabaki ya serotonini katika maji ya uti wa mgongo. Wagonjwa wenye kiwango cha chini walikuwa wamejaribu kujiua mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Mwaka 1979, Gerald Brown, Frederick Goodwin na wenzao nchini Marekani waliwapima wanajeshi waliokuwa na matatizo ya mwenendo. Waliokuwa na historia ndefu ya ugomvi na mapigano walikuwa na upungufu ule ule. Kisha mwaka 1983, Markku Linnoila na wenzake waliwapima watu wa Finland waliokuwa wametenda makosa ya kikatili. Upungufu ulionekana zaidi kwa waliotenda kwa msukumo wa ghafla kuliko kwa waliopanga kitendo chao mapema.

Tafiti hizi tatu zikiwekwa pamoja, picha moja hujitokeza. Upungufu huo hauonyeshi uovu wa moyo. Unaonyesha udhaifu wa kujizuia, na udhaifu huo huweza kumfanya mtu mmoja awe hatari kwa wengine na mwingine awe hatari kwake mwenyewe. Tena wakati mwingine ni mtu yule yule. Ndiyo maana jirani anayemwona mtu mwenye hasira kali za ghafla anapaswa pia kuuhofia uhai wa mtu huyo.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Matokeo hayo ni ya makundi ya watu. Hakuna kipimo cha damu wala cha maji ya uti wa mgongo kiwezacho kutabiri kwamba fulani ataua au atajiua, na mtu yeyote auzaye kipimo cha namna hiyo anadanganya.

Urithi na malezi

Swali la urithi huulizwa sana, hasa na familia zilizompoteza zaidi ya mtu mmoja. Ni kweli kwamba hatari ya kujiua huongezeka katika baadhi ya koo. Ni kweli pia kwamba mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza habari za ukoo mmoja wa Uholanzi ambamo wanaume kadhaa walikosa kimeng'enya kinachovunja serotonini na kemikali nyingine za ubongo, na wanaume hao walikuwa na milipuko ya hasira isiyolingana na kilichowaudhi. Lakini hali kama ile ni nadra sana.

Jibu pana zaidi lilitoka Dunedin, New Zealand, ambako watafiti wamewafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 hadi utu uzima wao. Mwaka 2002 walitangaza kwamba wavulana waliorithi kiwango cha chini cha kimeng'enya hicho, na ambao pia waliteswa utotoni, walikuwa asilimia 12 tu ya wavulana waliochunguzwa, ilhali walichangia asilimia 44 ya hukumu za makosa ya kikatili. Wenye urithi ule ule waliolelewa bila mateso hawakuonyesha ongezeko la namna hiyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote juu ya sehemu ya urithi, lakini juu ya mateso ya utotoni ushahidi ni mwingi: mtoto anayepigwa, kunajisiwa au kutelekezwa hukua na hatari kubwa zaidi ya kujidhuru na ya kudhuru wengine.

Mzazi hana uwezo wa kuchagua damu anayomrithisha mwanawe. Fimbo iliyo mkononi mwake ana uwezo wa kuiweka chini.

Maradhi yanayolegeza breki

Yapo maradhi ambayo kila familia inafaa kuyajua. Sonona ni zaidi ya huzuni ya kawaida: usingizi hupotea, chakula hakina ladha, nguvu huisha, na mgonjwa hujiona mzigo kwa watu wake. Upo ugonjwa unaomrusha mtu kutoka kwenye furaha na nguvu zilizopita kiasi hadi kwenye huzuni nzito. Ipo skizofrenia, ambamo mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na sauti hizo huweza kumwamuru ajidhuru au amshambulie mtu. Upo ugonjwa wa akili unaompata mama baada ya kujifungua, ambao ukiwa mkali huhatarisha uhai wake na wa mtoto mchanga. Watu wenye kifafa nao hujiua kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine, na mchango wa unyanyapaa katika hilo si mdogo.

Pombe husimama peke yake. Iwe bia ya dukani au gongo, huanza kwa kulegeza ile sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu aliyekuwa na wazo la kifo asubuhi akaweza kulizuia, huenda asiweze jioni akiwa amelewa. Na mume aliyekuwa amekasirika tu huinua mkono. Mlevi wa miaka mingi anayeacha ghafla naye huweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na kupata degedege. Huyo apelekwe kituo cha afya haraka, asiachwe ndani akiambiwa atazoea.

Tena, si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa wa akili. Malaria kali, kushuka kwa sukari, homa ya uti wa mgongo na jeraha la kichwa kutokana na ajali ya bodaboda huweza kumfanya mtu mtulivu apige kelele na kurusha ngumi katika muda wa saa chache. Mtu aliyebadilika ghafla apimwe mwili kwanza. Saa zinazopotea akifungwa kamba au akizungushwa kwa waganga ni saa za uhai wake.

Mambo mawili yasichanganywe. La kwanza, wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu yeyote, na mara nyingi wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kubakwa. La pili, ukatili mwingi wa majumbani hutendwa na watu wasio na ugonjwa wowote wa akili. Mwanamume anayempiga mkewe na kumheshimu bosi wake breki zake zinashika vizuri. Amechagua tu mahali pa kuziachia. Huyo mahali pake ni mbele ya sheria, na elimu ya ubongo haikuja kumtafutia udhuru.

Dalili na maneno

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dalili za hatari mara nyingi huonekana kabla: mtu kusema kwamba amechoka kuishi au kwamba watu watapumzika akiondoka, kugawa vitu anavyovithamini, kujitenga, kulewa kuliko kawaida yake, kutulia ghafla baada ya siku nyingi za mateso kana kwamba ameshaamua. Dalili iliyo nzito kuliko zote ni kuwa amewahi kujaribu kujiua.

Wengi huogopa kuuliza wakidhani swali litamtia mtu wazo. Tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo. Mtu anayeulizwa kwa upole, faraghani, iwapo amewahi kufikiria kujiua, mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye amepata wa kumwambia. Akijibu ndiyo, asikaripiwe wala asihubiriwe. Asikilizwe, asiachwe peke yake, na apelekwe kwenye huduma siku hiyo hiyo.

Saa fupi ya hatari

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba msukumo wa kujiua, hata ukiwa mkali, mara nyingi ni wa muda mfupi. Kwa wengi hupanda na kushuka katika muda wa dakika au saa. Anayekosa kitu cha kujidhuru katika saa hiyo mara nyingi hatafuti kingine. Na walio wengi kati ya walionusurika hawafi kwa kujiua baadaye.

Sri Lanka ilithibitisha hilo kwa nchi nzima. Huko vifo vingi vya kujiua vilitokana na viuatilifu vya mashambani. Serikali ilipiga marufuku vile vyenye sumu kali zaidi, hatua kwa hatua, hasa mwaka 1995 na 1998. Kiwango cha kujiua kilishuka kutoka watu 47 katika kila 100,000 mwaka 1995 hadi watu 24 mwaka 2005. Umaskini ulikuwepo, ulevi ulikuwepo, ugomvi wa ndoa ulikuwepo. Kilichopungua ni sumu kali iliyokuwa karibu na mkono.

Fundisho hili linaihusu kila kaya ya mkulima. Viuatilifu visihifadhiwe chumbani wala chini ya kitanda. Viwekwe nje ya nyumba ya kulala, kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ashike mtu mwenye utulivu. Kinunuliwe kiasi cha msimu mmoja tu. Nyumba yenye mgonjwa wa sonona au mtu aliyewahi kujaribu kujiua ihamishie sumu hiyo kwa ndugu au jirani, pamoja na silaha kama ipo, na dawa zake za hospitali atunziwe na mwingine.

Ziara zinazookoa maisha

Baada ya saa ya hatari huja miezi ya hatari. Mtu aliyejaribu kujiua hurudi nyumbani akiwa na aibu, na majirani humkwepa kwa kukosa la kusema. Kipindi hicho ndicho kata inapoweza kufanya mengi.

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watu 1,867 waliojaribu kujiua katika miji ya Campinas, Chennai, Colombo, Karaj na Yuncheng. Nusu yao walipata huduma ya kawaida ya hospitali. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha walitembelewa au kupigiwa simu mara tisa katika miezi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika kundi la huduma ya kawaida asilimia 2.2 walikuwa wamekufa kwa kujiua, na katika kundi lililofuatiliwa asilimia 0.2. Tofauti hiyo haikuletwa na mashine wala dawa ya bei kubwa. Ililetwa na mtu kubisha hodi na kuuliza hali.

Ziara tisa katika miezi 18 ni kazi inayowezekana katika kila kitongoji. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuzifanya, akisaidiwa na ofisa ustawi wa jamii, mwenyekiti wa kitongoji, au kiongozi wa dini anayeaminiwa na familia. Ziara ya kwanza iwe ndani ya juma la kwanza. Siri ya mgonjwa itunzwe: habari yake isiwe mazungumzo ya kilabuni wala ya kisimani.

Sheria isiwe sababu ya kuficha

Familia nyingi humficha aliyejaribu kujiua kwa kuiogopa polisi. Hofu hiyo ina chanzo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mjadala wa sheria za namna hii umepamba moto barani Afrika: Bunge la Ghana lilikifuta kifungu cha aina hiyo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya nchi hiyo kinapingana na Katiba. Kubadili sheria ni kazi ya Bunge. Kumfikisha mgonjwa kwenye matibabu ni kazi ya aliye karibu naye. Hapa nchini ipo pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoweka utaratibu wa mgonjwa kupokewa na kutibiwa, hata yule ambaye kwa wakati huo hawezi kujiamulia.

Aliyekunywa sumu afikishwe kituo cha karibu bila kupoteza dakika. Asitapishwe, asinyweshwe maziwa wala mafuta. Chupa au pakiti ya sumu ichukuliwe ili mganga aitambue.

Njia za huduma

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya. Mganga mfawidhi atampima mgonjwa na kumpa rufaa ya hospitali ya wilaya inapohitajika. Wagonjwa wenye hali ngumu zaidi hufikishwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Dawa zipo: za sonona, za kuondoa sauti na mashaka, za kifafa, na lithiamu ambayo kwa wagonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka imeonekana kupunguza vifo vya kujiua. Nyingi huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na kuziacha ghafla kwa kuwa mgonjwa amepata nafuu ni kosa linalorudisha wengi wodini.

Mwenye kupigwa au kutishiwa afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au katika kamati ya MTAKUWWA ya kijiji au kata. Dharura ya polisi ni simu namba 112, na taarifa za ukatili dhidi ya mtoto hupokelewa kwa namba 116. Namba zote mbili ni za bure.

Na anayeisikia au kuisoma habari hii akatambua kwamba inamhusu yeye mwenyewe, amwambie mtu mmoja leo, kabla ya jua kuzama. Mawazo yale huja na nguvu kana kwamba ni ukweli wa milele, lakini hupita, na waliopita katika njia hiyo wakapona wapo katika kila kata.

Ile nyumba ambayo watu hupita wakipunguza sauti haijahitaji ukimya kamwe. Ndani yake huenda yupo mjane, mtoto au ndugu anayeibeba hatari ile ile, kwa urithi au kwa majonzi. Anayepita mbele yake safari ijayo asimame, abishe hodi, na aulize hali.